Jembe, Kura na Tangi la Maji

(Yafuatayo ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.)



Wabrazil wana kichekesho chao cha zamani ambacho husimuliwa kila yanapozuka mazungumzo ya uchaguzi. Siku ya kupiga kura, kabaila mmoja mwenye mashamba makubwa anawakusanya watu wake uani. Anampa kila mtu bahasha iliyokwisha kugundishwa na kumwambia aende akaitie sandukuni. Kijana mmoja anaipokea bahasha yake, anakwenda, anaitumbukiza, anarudi. Lakini moyo wake haujatulia. Anavua kofia, anamsogelea bwana mkubwa, anauliza kwa adabu: "Mzee, samahani, hivi leo nimemchagua nani?" Kabaila anamkazia macho. "Mwanangu," anasema, "hujui kwamba kura ni siri?"

Tunacheka. Lakini hebu tujiulize, tunamcheka nani?

Sisi wa mjini mara nyingi tunamcheka yule kijana. Kila baada ya uchaguzi, ukikaa kwenye kijiwe cha kahawa au ukipanda basi, hukosi kusikia mtu akilalamika kwamba watu wa shamba ndio wanaotuponza. Kapewa kanga na kilo ya sukari, basi kaiuza nchi. Ukienda São Paulo, jiji kubwa kuliko yote katika Brazil, utayasikia maneno hayo hayo kwa Kireno. Wanaosemwa huko ni watu wa Kaskazini Mashariki, eneo maskini la nchi hiyo, ambalo sehemu yake kubwa ni kame. Mwaka 2014, baada ya matokeo ya uchaguzi wa rais kutangazwa, watu hao walitukanwa katika mitandao ya kijamii kwa matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa redioni. Waliambiwa hawajui kupiga kura, wanapiga kwa tumbo.

Sasa basi, leo nataka niwaeleze kazi ya wasomi waliolichukua lawama hilo na kulipima, badala ya kulipigia kelele. Wasomi wa siasa za Brazil, wa huko huko na wa nchi za nje, wamelifanyia kazi swali moja kwa muda wa zaidi ya miaka 70: kwa nini maskini anamchagua yule yule anayemweka katika umaskini? Jibu lao, kwa maoni yangu, linatuhusu wote tunaonunua magazeti na kujiona waelewa.

Nianze na historia, maana ujinga wa mpiga kura ni hoja ya siku nyingi.

Katika karne ya 19 Brazil ilikuwa bado dola ya mfalme, na utumwa ulikuwa bado halali. Hata hivyo, kwa viwango vya dunia ya wakati ule, wanaume wengi walio huru walipiga kura, wakiwemo wasiojua kusoma. Mwanahistoria José Murilo de Carvalho, katika kitabu chake juu ya uraia nchini Brazil kilichotoka mwaka 2001, anaonyesha kwamba mwaka 1872 kulikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni moja, yaani kama asilimia 13 ya watu wote wasio watumwa. Uchaguzi wenyewe ulijaa fujo, rushwa na ubabe. Wakubwa wakakaa wakatafuta dawa. Wakasema kosa ni la wapiga kura. Ni wajinga, wanaburuzwa, hawana msimamo. Basi tarehe 9 Januari 1881 ikapitishwa sheria iliyotaka mpiga kura awe na kipato kinachothibitishwa kwa karatasi, na awe anajua kusoma na kuandika.

Matokeo yake ni kwamba mwaka 1886 waliopiga kura walikuwa zaidi kidogo ya watu 100,000 tu. Hiyo haifiki hata mtu mmoja kati ya watu mia moja. Dola ya mfalme ikaanguka mwaka 1889, jamhuri ikaja, lakini kizuizi cha kusoma kikabaki. Brazil ilibidi isubiri mpaka mwaka 1945 kurudia kiwango cha ushiriki iliyokuwa nacho mwaka 1872. Na mtu asiyejua kusoma hakurudishiwa kura yake mpaka mwaka 1985. Ni miaka 104, ndugu wasikilizaji. Ndiyo gharama ya kusema kwamba watu fulani hawajui kupiga kura.

Je, baada ya wajinga kuondolewa, uchaguzi ulisafika? La hasha. Kipindi cha mwaka 1889 hadi 1930, ambapo kwa sheria wapiga kura wote walikuwa wanajua kusoma, ndicho kipindi kilichosifika kwa ubabe wa makabaila kuliko vyote. Makabaila hao waliitwa makanali. Hawakuwa wanajeshi. Cheo hicho kilitokana na jeshi la mgambo lililoanzishwa mwaka 1831, ambalo vyeo vyake vilikuwa vikigawiwa kwa wenye mashamba. Mgambo wenyewe ulikufa, lakini jina likabaki kwa kila mkubwa wa shamba mwenye watu nyuma yake. Kura za watu wake ziliitwa kura za hatamu, ile hatamu ya kumwongozea punda. Na mahali walipokusanywa kabla ya kupiga kura pakaitwa zizi.

Hapo ndipo anapoingia mwanasheria mmoja kijana, Victor Nunes Leal, aliyezaliwa mwaka 1914 katika mji mdogo wa Carangola, jimbo la Minas Gerais. Mwaka 1949 alitoa kitabu kinachoitwa Coronelismo, Enxada e Voto, yaani Ukanali, Jembe na Kura. Mpaka leo mtu anayesoma sayansi ya siasa nchini Brazil hawezi kukikwepa kitabu hicho.

Leal hakuanza kwa kumhukumu mtu. Alianza kwa kutazama maisha ya mkulima. Mtu huyu analima shamba lisilo lake. Hana daktari. Hasomi gazeti. Akiugua mtoto, anayetoa dawa ni kanali. Akikamatwa na polisi, anayekwenda kumtoa ni kanali. Akikosa mbegu, anayemkopesha ni kanali. Fadhila zote alizowahi kuziona duniani zimepitia mkono mmoja. Sisi Waswahili tunasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sasa siku ya kura inapofika, mtu huyu amchague nani?

Leal akaenda mbele zaidi, akahesabu gharama. Kupiga kura kulikuwa na gharama kwa mtu wa shamba. Kulikuwa na karatasi za kuandikishwa, usafiri wa kwenda mjini, mahali pa kulala, chakula, na siku za kazi zilizopotea. Hata nguo, viatu na kofia ya kuvaa siku hiyo. Mkulima hakuwa na uwezo wa kulipia lolote katika hayo, wala hakuona faida yake. Aliyelipa yote ni mkubwa. Kwa hiyo, kusema mkulima aliuza kura ni kuligeuza jambo. Kwa hali aliyokuwa nayo, asingekuwa na kura hata moja ya kupiga kama asingekuwapo mtu wa kumlipia.

Halafu Leal akasema jambo ambalo liliwashangaza wengi, kwamba kanali mwenyewe alikuwa mnyonge. Watu waliona sauti yake kubwa na bunduki zake wakadhani ana nguvu. Kumbe mashamba yalikuwa yanadidimia, na manispaa hazikuwa na fedha. Barabara, shule, zahanati, taa za umeme, hata kuteuliwa kwa mwalimu na mkuu wa polisi, vyote vilitoka serikali ya jimbo. Kanali alimpa gavana kura, gavana akampa kanali uhuru wa kufanya atakavyo katika eneo lake. Nipe nikupe. Ukanali, alisema Leal, ulistawi pale serikali ilipoanza kupata nguvu na ukabaila ulipoanza kuchoka, wote wawili wakaegemeana. Na walipoegemeana, aliyebanwa katikati ni mwenye jembe.

Leal baadaye alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Shirikisho kuanzia mwaka 1960. Wanajeshi walipopindua serikali mwaka 1964, kisha Desemba 1968 wakatoa amri ya kujipa madaraka yasiyo na mpaka, yeye na majaji wenzake wawili walistaafishwa kwa nguvu, Januari 1969. Mwaka huo huo maprofesa kadhaa wa Chuo Kikuu cha São Paulo nao waliondolewa kazini. Nawataja kwa sababu tukisikia neno "utafiti" tunafikiri ni kazi ya kukaa kwenye kiyoyozi. Kwa wasomi wa Brazil, swali la nani anampigia nani kura na kwa nini lilikuwa na bei yake.

Jambo la kujiuliza sasa ni kama yaliyosemwa na Leal mwaka 1949 ni kweli, au ni maneno mazuri ya mwanasheria mwenye huruma. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 Brazil imekuwa kama shamba darasa la watafiti. Inafanya mambo makubwa kwa taratibu zinazowezesha kupima. Nitatoa mifano michache.

Mfano wa kwanza ni karatasi ya kura. Katika kile kichekesho cha bahasha, kabaila aliweza kuwapa watu bahasha iliyofungwa kwa sababu zamani karatasi za kura zilichapishwa na vyama na wagombea wenyewe, wakazigawa. Karatasi rasmi ya serikali ilianza kutumika katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1955. Hiyo iliondoa bahasha ya kanali, lakini ikaleta taabu nyingine. Katika uchaguzi wa wabunge kuna wagombea mamia kwa mamia, hawaenei kwenye karatasi. Ilibidi mpiga kura aandike kwa mkono wake jina au namba ya anayemtaka. Hata baada ya mwaka 1985, asiyejua kusoma alipoingia kwenye kile kichumba alikuwa na haki mkononi asiyoweza kuitumia. Kura nyingi zilihesabiwa kuwa zimeharibika au ni tupu.

Mwaka 1996 ikaja mashine ya kupigia kura. Ina vitufe vya namba kama simu. Unabonyeza namba, picha ya mgombea inatokea, ukiona ndiye, unabonyeza kitufe cha kijani. Mwaka 1998 mashine hazikutosha nchi nzima, kwa hiyo katika majimbo mengi zilipelekwa kwenye manispaa zenye wapiga kura zaidi ya 40,500 tu. Niseme kwamba manispaa ya Brazil si mji peke yake. Ni mji pamoja na mashamba yanayouzunguka, mfano wa wilaya kwetu.

Mchumi Thomas Fujiwara akaliona jambo hilo. Manispaa yenye wapiga kura 40,000 na ile yenye 41,000 zina tofauti gani? Hazina, ila moja ilipata mashine na nyingine ikabaki na kalamu. Akazilinganisha. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2015 alionyesha kwamba mashine iliokoa kura ambazo zingepotea, kiasi kinachozidi asilimia 10 ya waliojitokeza, katika uchaguzi wa mabunge ya majimbo. Na waliookolewa zaidi ni watu wenye elimu ndogo.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Majimbo ambako kura za watu hao zilianza kuhesabika yaliongeza fedha za afya. Kina mama wenye elimu ndogo wakaenda kliniki mara nyingi zaidi wakiwa wajawazito, na watoto wao waliozaliwa na uzito pungufu wakapungua. Kwa kina mama wasomi, ambao hawategemei sana hospitali za serikali, hakuna kilichobadilika. Mtu aliyekuwa akiitwa mjinga alipopewa kitufe badala ya kalamu, alijua vizuri sana anachokitaka. Alitaka mtoto wake azaliwe salama.

Mfano wa pili unatuhusu sisi wa redio. Mwaka 2003, katika awamu ya kwanza ya Rais Luiz Inácio Lula da Silva, serikali ya shirikisho ilianza kukagua hesabu za manispaa kwa bahati nasibu. Brazil ina manispaa zaidi ya 5,500, haiwezekani kuzikagua zote. Basi huko Brasília ikawa inachezeshwa bahati nasibu mbele ya waandishi wa habari, na majina ya manispaa yanatoka kama namba za washindi. Manispaa ikitajwa, wakaguzi wanafunga safari. Wanapekua stakabadhi, wanakwenda kuitazama shule inayosemekana imejengwa, wanawauliza wakazi kama dawa zilifika. Taarifa inatolewa hadharani. Hakuna meya anayeweza kusema ameonewa kisiasa, kwa kuwa aliyemchagua ni bahati.

Watafiti wawili, Claudio Ferraz na Frederico Finan, walichukua manispaa 373 ambazo mameya wao walikuwa na haki ya kugombea tena mwaka 2004. Nyingine zilikaguliwa kabla ya uchaguzi, nyingine baada yake, na aliyeamua ni bahati nasibu. Wakalinganisha mameya wenye makosa yale yale, mmoja wananchi wameambiwa kabla ya kupiga kura, mwingine hawajaambiwa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Pale wananchi walipojua, meya mla rushwa alikatwa kura. Na alikatwa zaidi pale palipokuwa na kituo cha redio cha mahali hapo. Kwa upande mwingine, meya aliyeonekana msafi alipata manufaa palipokuwa na redio. Watu wa shamba walisikia, wakapima, wakaamua. Mwaka 2018 Ferraz na Finan, pamoja na mwenzao Eric Avis, walionyesha tena kwamba manispaa iliyowahi kukaguliwa hupunguza ufisadi wake baadaye kwa asilimia 8.

Nilipousoma utafiti huo nilifurahi, kama mtangazaji yeyote angefurahi. Nikajiona mtu muhimu. Lakini wasomi hao hao wa Brazil hawakuniacha nifurahi muda mrefu.

Kwanza, redio ni ya nani? Kati ya mwaka 1985 na 1988, wakati katiba mpya ikiandikwa, serikali ya Rais José Sarney iligawa leseni zaidi ya 1,000 za redio na televisheni, na nyingi ziliangukia mikononi mwa wanasiasa na jamaa zao. Katika kipindi hicho hicho wajumbe wa Bunge la Katiba walimkubalia rais huyo kukaa madarakani miaka mitano. Wabrazil wakapata neno jipya, ukanali wa umeme. Hata redio ndogo za jamii hazikupona. Mwaka 2011 watafiti Taylor Boas na Daniel Hidalgo walionyesha kwamba maombi ya leseni ya redio za jamii yenye mkono wa diwani aliyeko madarakani yalikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukubaliwa, na kwamba kuwa na redio kulimwongezea mtu kura. Kwa hiyo kanali aligundua kwamba shamba linaweza kuwa hewani pia.

Pili, habari peke yake haitoshi. Katika uchaguzi wa mitaa wa mwaka 2016, Boas na Hidalgo wakishirikiana na Marcus André Melo, walikwenda jimbo la Pernambuco, Kaskazini Mashariki. Waliwapa wapiga kura vipeperushi vyenye taarifa ya mahakama ya hesabu ya jimbo, kama hesabu za meya wao zilikubaliwa au zilikataliwa. Ukiwauliza watu hao mfano wa meya wa kubuni aliyekula fedha, walisema bila kusita kwamba wasingemchagua. Lakini kwa meya wao halisi, kipeperushi hakikubadilisha kura. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya mpango uliofanyika katika nchi kadhaa kwa wakati mmoja, na jirani zetu wa Uganda walikuwamo. Zilipojumlishwa pamoja, matokeo yalikuwa yale yale. Kumpa mtu habari muda mfupi kabla ya uchaguzi, kwa wastani, hakukubadilisha kura yake.

Hapo bingwa wa kijiwe ataruka juu. "Si nilisema! Wameambiwa meya mwizi, bado wamempa!"

Ngoja kwanza, ndugu yangu. Rudi kwa Leal na jembe lake. Je, huyu mtu, akimnyima kura meya mwizi, maji ya kunywa atayapata kwa nani?

Hilo ndilo swali lililopimwa katika mfano wangu wa mwisho, na kwangu mimi ndio mzito kuliko yote. Katika nyanda kame za Kaskazini Mashariki mvua hunyesha miezi michache, kisha hukauka kabisa. Wakati wa ukame maji huletwa kwa gari, na gari hilo mara nyingi lina mwenyewe, naye ana chama. Tangu mwaka 2003 vyama vya wananchi wa eneo hilo, kwa fedha za serikali, vimekuwa vikijenga matangi ya saruji pembeni ya nyumba za maskini. Maji ya mvua yanakingwa kutoka kwenye paa na kuingia ndani. Tangi moja linachukua lita 16,000, maji ya kunywa na kupikia ya familia katika msimu wa kiangazi.

Watafiti wanne, Gustavo Bobonis, Paul Gertler, Marco Gonzalez-Navarro na Simeon Nichter, walifuatilia kaya 1,308 katika manispaa 40. Nani apate tangi na nani asipate kiliamuliwa kwa bahati nasibu, kabla ya uchaguzi wa mitaa wa mwaka 2012. Hakukuwa na semina ya elimu ya uraia wala kipeperushi. Hakuna aliyehubiriwa kwamba kuuza kura ni dhambi. Walipewa tangi, basi.

Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2022, ni haya. Waliopata tangi walipunguza kwenda kwa wanasiasa kuomba msaada wa binafsi, hasa wale waliokuwa na mazoea ya kumtegemea mwanasiasa. Na kura? Kura ni siri, na safari hii ni siri kweli, hakuna aliyeulizwa. Lakini kila mpiga kura ameandikishwa kwenye mashine yake, na matokeo ya kila mashine hutangazwa. Pale ambapo waliopata matangi walikuwa wengi zaidi, kura za meya aliyeko madarakani zilipungua. Meya ndiye mwenye gari la maji, ndiye mwenye dawa na matofali ya kugawa. Aliyekwisha kuwa na maji nyumbani kwake hakuwa tena na sababu ya kulipa kwa kura.

Wahenga wetu walisema adui yako mwombee njaa. Walijua walichosema. Anayetaka kukutawala bila kukujibu hahitaji uwe mjinga. Anahitaji uwe na shida, na shida yako iwe na mlango mmoja tu wa kubisha, mlango wake.

Sisemi, ndugu wasikilizaji, kwamba elimu haina maana. Mimi kazi yangu ni kusema, siwezi kusema kwamba maneno hayafai kitu. Wale mameya walioanguka mwaka 2004 walianguka kwa sababu mtu alikagua, na mtu mwingine akatangaza. Wala sisemi kwamba anayegawa sukari usiku wa kuamkia uchaguzi asishitakiwe. Ashitakiwe. Ninachosema ni kwamba kuna tofauti kati ya anayegawa na anayepokea, na sisi wa mjini tumezoea kumcheka anayepokea na kumpigia saluti anayegawa.

Tena tusijidanganye kwamba sisi hatupokei. Mwenye biashara mjini anayengojea zabuni, mwenye shahada anayengojea uteuzi, mzee anayemtafutia mwanawe kazi kwa barua ya mkubwa, wote wanabisha kwenye mlango ule ule. Tofauti ni kwamba sisi hatuiti sukari. Tunaita kujuana.

Kila nikirudia safari hii ya wasomi wa Brazil, tangu jembe la mwaka 1949 mpaka tangi la mwaka 2022, naona jambo moja halibadiliki. Kila walipomtazama maskini kwa karibu walimkuta ana akili zake timamu. Alikosa kalamu, akapewa kitufe, akaitumia kura yake. Alikosa habari za kuaminika, redio ikampa, akamwadhibu mwizi. Alikosa maji, akapata tangi, akaacha kupiga magoti. Na mara ile moja wakubwa walipoamua kwamba tatizo ni yeye, wakamfutia kura mwaka 1881, ilichukua miaka 104 kulirekebisha kosa hilo.

Kwa hiyo siku nyingine mtu akikuambia kwenye basi kwamba watu wa shamba hawajui kupiga kura, usigombane naye. Muulize tu, watu hao wanachota maji wapi, na lile gari la maji ni la nani.

Na yule kijana wa kwenye kichekesho, aliyerudi kwa kabaila kuuliza amemchagua nani, leo nimemwona kwa jicho jingine. Katika watu wote waliopewa bahasha uani pale, yeye peke yake ndiye aliyeuliza.